Uji wa Jumapili

Jumapili ile Evelina alitia kitu kwenye uji wa mumewe, akaukoroga vizuri, na hakumwambia.

Nia ilikuwa njema. Tangu Nestory, mumewe, afiwe na kaka yake Chenge aliyezama ziwani, hakuupata usingizi. Alijigeuza kitandani mpaka majogoo, kisha akaenda kiwanda cha minofu ya samaki kulisha mabonge ya barafu kwenye mashine ya kuyasaga, mashine isiyochagua barafu wala mkono. Ukimtajia dawa, anakuwa mbishi kama punda: mwanamume halazwi na kidonge. Basi Evelina akaenda Mkuyuni kwa mama Bachubai mwenye duka la dawa, akampa shikamoo na kumweleza shida yake. Mama yule alimpa vidonge, akamkanya tena na tena: siku ya mapumziko tu, na mtu huyo asiguse mashine yoyote mpaka kesho yake.

Ndiyo maana alichagua Jumapili. Lakini sangara hawana Jumapili. Boti liliingia kutoka Nansio bila kutarajiwa, limesheheni, na msimamizi Mihayo akatuma gari kuwazoa vibarua majumbani. Evelina alipotoka bombani, bakuli la uji lilikuwa tupu na mume hayupo.

Akaitua ndoo palepale, akakimbia. Njiani moyo ulimwambia rudi. Usukumani mwanamke anayemtilia mumewe kitu kwenye chakula ana jina lake, na wako vikongwe waliokatwa mapanga kwa tuhuma za uchawi ndogo kuliko hiyo. Watu watasema limbwata, dawa ya kumtawala mume. Mama mkwe ataongeza la kwake: mwanangu mmoja kaliwa na ziwa, wa pili analishwa na mkewe. Maskini, aliogopa hasa, ila miguu haikusimama.

Mlinzi alimzuia getini. Kupitia nondo alimwona Nestory amekumbatia bonge la barafu, anayumba, kope zinashuka. Evelina alifikiria kudanganya kwamba mtoto anaumwa. Lakini wiki iliyopita kibarua mmoja aliletewa habari kama hiyo, na Mihayo akamwambia asubiri samaki waishe. Uongo usingemtoa mtu pale.

"Mtoeni kwenye mashine," alisema, na wote wakasikia. "Nimemtilia dawa ya usingizi kwenye uji. Ni mimi mkewe."

Wanawake wa minofu wakaacha visu. Mihayo akazima mashine mwenyewe. Mtu mmoja akaguna kwamba kumbe jamaa kalishwa, na neno hilo likapita meza hadi meza.

Nestory alitolewa nje ya geti akikokota miguu. Watu walinyoosha shingo waone kama atampiga au atamwacha hapohapo. Evelina hakujitetea. Alimwambia tu kwamba aliihofia mikono yake.

Nestory aliitazama ile mikono, upande huu na upande ule, kisha akawageukia wenzake.

"Hakuna aliyenilisha kitu," alisema, ulimi mzito. "Dawa niliitaka mwenyewe. Nimesahau kuwaambia."

Akamvuta mkewe wakakaa mavumbini mbele ya wote, akalaza kichwa kwenye mapaja yake, na usingizi ukamchukua. Evelina akakaa akimfukuzia nzi mpaka kivuli cha geti kikawahama.