Sheria ya Sethunya

Sethunya alipiga simu mwanzoni mwa Desemba. Alimsalimia mama mkwe wake vizuri, akaulizia kuku, akaulizia magoti, kisha akaingia kwenye jambo lenyewe.

"Mama, kuhusu Krismasi. Mwaka huu mimi na Kabo tumekubaliana. Kila bibi alete zawadi moja kwa kila mtoto. Moja tu."

"Moja," akasema Mma Kabo.

"Na isiwe ya betri."

Mma Kabo alijua maneno hayo yametoka wapi. Krismasi iliyopita alifika Palapye kutoka kwake Mahalapye na mifuko minne iliyojaa hadi zipu ikakataa kufunga. Watoto wawili, vitu kumi na saba. Kulikuwa na mbwa wa plastiki aliyebweka na kuimba kwa lugha ambayo hakuna aliyeijua katika ukoo mzima, wala hakuwa na mahali pa kumzimia. Mwishowe Kabo alimviringisha kwenye blanketi akamfungia kwenye buti la gari, na humo akaendelea kuimba hadi Mwaka Mpya. Tefo, ambaye wakati huo alikuwa na miaka minne, alifungua boksi baada ya boksi bila kutazama kilichomo, na alipofika la mwisho akageuka akauliza, "Mengine yako wapi?" Alipoambiwa yamekwisha, alilia mpaka akatapika keki. Mdogo wake, Wame, alisinzia chini ya rundo la makaratasi, wakamtafuta robo saa nzima.

"Sawa, mwanangu," Mma Kabo akasema. "Nimesikia."

"Hata mama yangu amekubali. Amesema ni wazo zuri sana, tena limechelewa."

Hapo ndipo Mma Kabo alipoumia. Mama yake Sethunya alikuwa mwalimu mkuu mstaafu kule Serowe, mwanamke anayezungumza na watu wazima kana kwamba wamechelewa paredi. Kwa vyovyote hilo neno "limechelewa" lilikuwa limelengwa Mahalapye.

Tarehe ishirini na tatu, Mma Kabo akiwa ameuza kuku wake wote wa sikukuu na pochi imenona, alishuka Palapye asubuhi, akaingia kwenye duka kubwa la vitu vya watoto. Alichukua kikapu kidogo cha mkononi, kama mtu mwenye nia njema. Baada ya dakika tano alirudi mlangoni akabadilisha, akachukua troli.

Alikuwa hajavunja sheria, la hasha. Alikuwa anaifikiria tu. Kwa mfano, baiskeli. Baiskeli ni kitu kimoja. Lakini mtoto hapandi baiskeli bila kofia ngumu, na hakuna mzazi mwenye akili atakayeita kofia ngumu zawadi; hiyo ni usalama. Kengele nayo ni ya barabarani. Na jiko la kuchezea la Wame lilikuwa kwenye katoni moja, na ingawa ndani yake mlikuwa na sufuria sita, sahani, meza na viti viwili, katoni ni katoni. Farasi wa plastiki wa kupanda alimtia mashaka kidogo. Akamweka juu kabisa ili aendelee kumfikiria.

Alipokata kona kwenye rafu ya wanasesere, aliona kofia. Ilikuwa kofia pana ya rangi ya zambarau, yenye ua ubavuni, na katika wilaya yote ilikuwa na mwenyewe mmoja tu. Chini ya kofia hiyo Mma Sethunya, mama yake Sethunya mwenyewe, alikuwa ameinama juu ya troli lililofunikwa shuka, kama mgonjwa anayepelekwa chumba cha upasuaji.

Mma Kabo angeweza kurudi nyuma kimyakimya. Farasi ndiye aliyemponza. Alidondoka, akafyatuka na kulia sakafuni.

Mma Sethunya aligeuka. Wanawake hao wawili wakatazamana.

"Dumela, mkwe wangu," akasema Mma Kabo.

"Dumela, Mma. Naona umekuja kununua zawadi moja."

"Nachagua. Mtu hawezi kuchagua kimoja bila kuviona vingi. Na wewe je, hiyo shuka ni ya nani?"

"Ni ya kwangu. Vumbi."

"Vumbi la dukani."

"Mma, nina aleji."

Mma Kabo alinyoosha mkono taratibu, akaiinua ncha ya shuka. Aliona kinanda. Aliona nyumba ya wanasesere yenye ghorofa mbili. Aliona mpira, filimbi, ubao wa kuandikia wenye miguu, na begi la shule kubwa kuliko mtoto yeyote wa ukoo ule.

"Limechelewa," akasema. "Ndivyo nilivyosikia. Wazo zuri sana, tena limechelewa."

Mma Sethunya alivua miwani akaifuta, jambo ambalo wanafunzi wake wa zamani wangejua maana yake. "Sikiliza. Nilipokubali nilikuwa nyumbani kwangu, mbali na duka. Kukubali ukiwa mbali na duka ni rahisi."

"Kinanda kinatumia betri."

"Kinaweza kuchezwa bila betri."

"Kinatoa sauti gani bila betri?"

"Mtoto anajifunza vidole."

Mma Kabo alicheka mpaka akashikilia rafu. Mwenzake alijizuia, midomo ikamtetemeka, kisha naye akashindwa. Msichana wa dukani alikuja kuwauliza kama wanahitaji msaada. Mma Sethunya akamwambia wanahitaji benchi.

Benchi lilikuwa nje, kando ya mama muuza maandazi. Waliyaacha matroli chini ya ulinzi wa yule msichana, wakanunua maandazi manne, wakakaa. Joto lilikuwa limeshapanda na mawingu ya mvua yalikuwa yanajikusanya upande wa Serowe.

"Mimi nina sababu ya kipumbavu," Mma Sethunya akasema akijifuta mafuta. "Watoto wanakuita wewe Nkuku, bibi tu basi. Mimi wananiita Nkuku Mwalimu. Nataka mwaka mmoja tu nifurahiwe bila kuogopwa. Haya, na wewe? Vitu kumi na saba, Mma. Nilivihesabu."

Mma Kabo alitafuna kwanza. Halikuwa jambo alilozoea kulisema.

"Kabo alikuwa na miezi minne nilipomwacha kwa mama yangu nikaenda Johannesburg kufanya kazi za ndani. Nilikuwa narudi Krismasi tu. Alipofika miaka mitatu, nilishuka na sanduku langu la bati, nikamwita. Akakimbia. Akajificha nyuma ya sketi ya mama yangu, ananichungulia kana kwamba mimi ni mtu wa serikali aliyekuja kukagua mbwa. Nikafungua sanduku. Nikatoa gari jekundu. Ndipo akaja." Alikunja karatasi ya maandazi ikawa ndogo sana. "Tangu siku hiyo sijawahi kumwendea mtoto mikono mitupu. Na huyu Wame, mkwe wangu, amechukua sura yote ya baba yake. Akiniona, anajificha."

Mma Sethunya hakusema neno la ualimu. Alimkatia nusu ya andazi lake la mwisho, akampa.

Kisha akauliza, "Tefo hufanya nini akiwa hakuna anayempa kitu?"

"Anamwagilia. Kikombe, chupa, chochote. Mwezi wa kumi nilimkuta anammwagilia mbwa wa jirani."

"Na Wame?"

"Anahamisha. Vifuniko, vijiko, viazi. Anavitoa hapa anavipeleka pale, halafu anavirudisha."

"Basi umeshanunua," akasema Mma Sethunya, akainuka na kukung'uta sketi. "Twende turudishe."

Alisimamia urudishaji huo kama mtihani wa taifa. Kila kitu kilirudi kwenye rafu yake, kimetazama mbele. Mma Kabo alijaribu kuipitisha kengele ya baiskeli kwa hoja, akisema huyo Tefo akitembea kwa miguu pia anahitaji kusikika, lakini alinyooshewa kidole akairudisha. Alitoka dukani na kopo la kumwagilia maua, dogo, la kijani, na kikapu kilichosukwa chenye mshikio. Mma Sethunya alinunua mpira wa Tefo na penseli za rangi za Wame. Njia nzima hadi kituo cha basi Mma Kabo aliuona mfuko wake mwepesi mno, akawa anauhamisha mkono huu na huu kana kwamba uzito wake umepotea mahali.

Siku ya Krismasi Sethunya aliwapokea mlangoni na macho yakaenda moja kwa moja kwenye mifuko. Akachungulia wa kwanza, akachungulia wa pili, akamtazama mumewe.

"Kabo, njoo uone. Wazazi wetu wanaumwa."

"Mmetaka wenyewe," akasema Mma Kabo.

Tefo alifungua mpira, akakuta na filimbi imefungiwa kwenye wavu wake. Mma Sethunya alitazama dari na kueleza kwamba filimbi si zawadi, ni kifaa cha mchezo. Mma Kabo aliikumbuka kengele yake, akameza mate. Kisha Tefo akafungua kopo. Alilitazama ndani, akatazama nyuma ya bibi yake.

"Mengine yako wapi?"

Mkono wa Mma Kabo ulijiendea kwenye pochi.

"Ni hayo," Kabo akamwambia mwanawe. "Bomba liko nje."

Mtoto alichukua kopo lake, akatoka. Alimwagilia nyanya. Alimwagilia ndoo, na viatu vya jirani aliyekuja kuwasalimia. Dakika kumi baadaye kelele ya wanaume waliokuwa wakipika ikasikika uani: alikuwa ameufikia moto wa chungu cha seswaa, nyama ya kupondwa ya sikukuu, akaumwagilia kwa uangalifu, pande zote, mpaka ukazima. Nyama ilichelewa saa nzima. Wakala wali na saladi ya bitiruti kwanza, wakanywa tangawizi, na Mma Sethunya akapiga filimbi kila Tefo aliposogelea tena moto. Mtoto aliipenda sana adhabu hiyo. Akawa anasogea makusudi.

Wame naye alikuwa amejificha nyuma ya miguu ya mama yake. Mkono mmoja ulitoka, ukachukua kikapu, ukarudi. Hakusema asante, hakutazama. Baadaye Mma Kabo alimwona kwa mbali akihamisha limau.

Alikaa kwenye kiti barazani, mikono mapajani. Mwaka jana saa kama hii alikuwa amezungukwa, hata kama ilikuwa ni kwa ajili ya mifuko. Kabo alikuja na bakuli la nyama hatimaye, akakaa kwenye ngazi karibu na miguu yake.

"Umenyamaza, Mama."

"Nilikuwa namkumbuka yule mtoto wa gari jekundu."

"Gari gani?"

"Lile nililokuletea. Ulikuwa na miaka mitatu. Lenye milango inayofunguka."

Kabo alitafuna akifikiri kwa dhati, kisha akatikisa kichwa. "Silikumbuki. Nakumbuka ulikuwa unalala. Bibi alikuwa anasema umechoka, tusikuamshe, na mimi nilikaa mlangoni na fimbo ili kuku wasiingie. Sijui ilikuwa mwaka gani. Nahisi ilikuwa kila mwaka."

"Ulikaa mlangoni?"

"Jogoo mmoja alinishinda. Alikupanda mgongoni, na hukuamka."

Mma Kabo akamwambia nyama imezidi chumvi. Kabo akasema chumvi hiyo imetiwa na Sethunya, amwambie mwenyewe kama ana ubavu. Wakala kwenye bakuli moja, polepole, huku mvua ikianza kudondoka kwa matone mazito kwenye bati.

Walipokuwa wakiingiza viti ndani, Wame alitokea. Alimpita mama yake aliyekuwa na rundo la sahani. Alimpita Mma Sethunya, aliyekuwa ameshamtandazia karatasi na penseli mezani na kumfungulia mikono. Akasimama mbele ya Mma Kabo, magoti yamebanana, uso umekunjwa kwa jambo zito.

"Nkuku. Mkojo."

"Mbona mimi sikuambiwa?" akauliza Mma Sethunya. "Mimi nilikuwa karibu."

"Kaa na penseli zako, Mwalimu," akasema Mma Kabo, na tayari alikuwa amesimama, magoti na yote.

Choo kilikuwa nyuma ya nyumba. Walikwenda upesi wakipita chini ya vitone vya paa, kiganja kidogo kikiwa kimeshika kidole chake kimoja. Alimsaidia vifungo, akamshika asitumbukie. Wame akamtazama usoni, mara ya kwanza siku nzima, muda mrefu, bila kupepesa.

"Usiangalie," akasema.

Mma Kabo akageuka, akatazama ukuta.