Mtomondo Upi

Kitinda mimba wangu ni fundi mwashi. Amewajengea watu nyumba miaka kumi na tano, yeye mwenyewe ni mpangaji. Mwaka huu akasema sasa zamu yake: atakata mitomondo iliyoota kinamasini nyuma ya nyumba yangu, ajaze kifusi, ainue vyumba vinne. Tukakubaliana. Asubuhi akaja na mtu wa msumeno.

"Bibi, ndiyo miti gani hii?" yule mtu akacheka, huku anavua viatu. "Mbao haina, kuni zake moshi mtupu. Kazi yake kusimama majini kama bata!"

Nikamwambia mwanangu, "Usikate."

"Mama, si tulishakubaliana?"

"Tulikubaliana. Sasa nakwambia usikate."

Akanikodolea macho. Nikageuza ndoo, nikaikalia, nikamweleza nililolinyamazia miaka arobaini na mmoja. Kabla yake na ndugu zake nilijifungua mtoto ambaye hakulia. Ilikuwa masika, maji kila mahali. Baba yake akamzika pale palipoinuka kidogo. Jiwe la alama lingezama, kijiti kingeoza. Akapanda mche wa mtomondo, maana huo maji hayauui. Hatukufikiria kwamba matunda yake huelea, na yakikwama huota. Sasa iko kumi na mmoja.

Mtu wa msumeno akavaa viatu, akaenda kungoja barabarani.

"Nionyeshe ni upi," mwanangu akasema. "Huo nitauacha."

"Siujui."

"Huujui, mama?"

"Marehemu baba yako ndiye aliyeujua. Mimi huiangalia yote."

Akakunja suruali, akachukua tepu, akaingia majini hadi magotini. Mkubwa kuliko yote ndio ungekuwa wenyewe. Akapima shina moja baada ya jingine, akitaja namba kwa sauti kama afanyavyo kazini, maua yakimdondokea kichwani. Miwili ikalingana: sentimita mia moja na nne. Akarudia kuipima. Akarudia tena.

"Alikuwa wa kike au wa kiume?"

"Wa kike."

"Mlimpa jina?"

"Mimi nilimpa. Hata baba yako hakuambiwa."

Nikamtajia. Akalitamka polepole, mara mbili, kisha akapaza sauti kuelekea barabarani: "Kaka, nisamehe kwa usumbufu. Hapa hakuna kazi."

Hakutoka majini upesi, nami sikumharakisha.