Fizi za Mdomo

Kinyozi waliyembandika jina la Mdomo alikuwa amefunga mdomo, na dada yake mkubwa alishaamua kwamba kosa ni la meno. Mtu ambaye wateja walimfuata zaidi kwa porojo kuliko kwa mashine yake ya kunyolea, sasa ananyoa kimya, barakoa imempanda hadi chini ya macho, na ukimsemesha anatikisa kichwa tu. Asubuhi hiyo mkewe alikuwa amemfuata dada mtu kwenye cherehani yake, mkononi kashika foronya yenye madoa ya damu. "Wifi, nimeshindwa," alisema. "Halali, hali, hasemi. Na kinywa kinamnuka."

Sasa Dada Mkubwa ni mtu wa ulimi. Alimjibu wifi yake kwamba mume hatunzwi kwa kulalamika, akaacha gauni la mteja na mikono yake haijashonwa, akaenda kumtoa ndugu yake kazini kama anayetoa mbuzi shambani kwa watu. Mdomo hakubisha. Hilo ndilo lililomtia hofu dada yake, maana huyu kitindamimba, aliyemlea mwenyewe tangu mama yao alipofariki, hakuwahi kukubali jambo bila ubishi.

Daktari wa meno pale hospitalini alikuwa mwanamke wa sauti ya chini, asiye na haraka. Alikilaza kiti, akavuta taa, akamwambia Mdomo avue barakoa na kupanua kinywa. Dada Mkubwa akasimama ubavuni, mkoba kifuani, akachungulia. Aliyoyaona yalimchoma. Fizi zilikuwa zimevimba, nyekundu, zimeachana na meno, na kila daktari alipopitisha kijiti chake cha chuma, damu ilichuruzika. Meno mawili ya chini yalicheza.

"Unapiga mswaki mara ngapi, kaka?"

"Kila siku," Dada Mkubwa akajibu. "Sisi hatukulelewa hovyo."

"Nimemuuliza yeye, dada."

Mdomo alitazama dari. "Nimeacha."

"Kwa nini?"

"Niliona hakuna faida."

"Faida gani tena?" Dada Mkubwa akadakia. "Kwani mswaki ni biashara? Daktari, ng'oa hayo mabovu, awekewe mengine, arudi kazini."

"Ng'oa yote," Mdomo akasema. "Hata mazima. Sina kazi nayo."

Daktari aliweka kijiti chini. Akakiinua kiti mpaka wakatazamana, akaanza kuuliza mambo ambayo Dada Mkubwa aliona hayahusiani kabisa na meno. Analalaje? Kitu gani humfurahisha siku hizi? Mdomo alijibu kwa neno mojamoja, na kila jibu lilikuwa baya kuliko lililotangulia.

"Sisemi kila mwenye fizi mbaya ana sonona," daktari alimgeukia dada mtu. "Lakini haya mawili hupenda kufuatana. Huzuni ikimlemea mtu, hata mswaki huwa mzito, na kinga ya mwili nayo hulegea. Fizi zikiharibika, kinywa kinanuka, mtu anajificha, na huzuni inazidi. Nikisafisha fizi peke yake nitakuwa napiga deki huku paa linavuja."

"Huzuni ya nini? Ana mke, ana watoto, ana kazi. Huyu kachoka tu."

Daktari hakubishana naye. "Kaka, nijibu wewe mwenyewe. Umewahi kujaribu kujiua?"

Damu ilimpanda Dada Mkubwa. Swali gani hilo kumuuliza mtu aliyekuja kwa jino?

"Bado," Mdomo akasema.

Dada Mkubwa akashusha pumzi, hata akacheka. "Umemsikia? Mimi ndiye niliyemfundisha. Kwetu mtoto hamwambii mkubwa 'hapana' kavukavu. Umekula? Bado. Umeoa? Bado. Huyu hata ukimwuliza kama amekufa atakwambia bado. Ni adabu tu."

Daktari hakucheka. "Bado ipi, kaka? Ya adabu, au ya kungoja?"

Mdomo alijifuta damu kwenye midomo, akaikunja tishu.

"Ya kungoja."

"Unangoja nini?"

"Shule zifunguliwe. Watoto waende bweni kwanza. Sitaki wanikute wao."

Shule zilikuwa zinafunguliwa kesho yake. Dada Mkubwa alijua vizuri, kwani sare za watoto wale alizishona yeye na zilikuwa zimeshapigwa pasi. Akashika ukingo wa sinki. Aliogopa kuliko alivyoogopa siku ya kumzika mama yao.

"Leo sing'oi jino," daktari alisema. "Na leo huondoki hapa peke yako. Mwenzangu wa magonjwa ya akili yuko mwisho wa korido, nakupeleka mwenyewe. Fizi tutazishughulikia, zipo nami nipo."

Korido ilijaa watu. Kwenye benchi karibu kabisa na mlango wa daktari wa akili alikaa jirani mmoja, mteja wa gauni lile lisilo na mikono, mwanamke ambaye ukimpa siri asubuhi, mchana unaikuta sokoni. Akawatazama, akautazama mlango, akawatazama tena. Mdomo akasimama.

"Dada, rudi nyumbani," alinong'ona. "Watasema ukoo wetu una wazimu. Wateja watakukimbia."

Tusidanganyane: Dada Mkubwa aliona aibu. Miguu yake yenyewe ilitaka kurudi. Kisha akatoa simu, akampigia wifi yake palepale, kwa sauti ambayo benchi zima liliisikia. "Wifi, nisamehe. Njoo hospitali sasa hivi, na watoto waache kwa mama yako. Mumeo anaumwa huzuni, na ni ugonjwa wa kuua. Ulikuwa unasema kweli, mimi nikakugombeza."

Jirani akainamisha macho. Daktari alikuwa ameshagonga mlango.

"Dada," Mdomo akasema, na machozi yakaanza kumtoka bila kuyafuta. "Naogopa."

"Hata mimi naogopa, mwanangu." Akamshika mkono kwa nguvu, kama alivyomshika siku ya kwanza ya shule, wakaingia.