Kijiko cha Maziwa

Chuo chake cha Mbarara kilipoidhinisha utafiti wake, binti yangu Uwizeye alirudi kijijini kwetu Kashojwa akicheza njia nzima. Alitaka kijiko kimoja cha maziwa yasiyochemshwa kutoka kila nyumba, yafike maabara kabla ya saa sita. Akichelewa, yangechacha na kazi ingeharibika.

Tulianza kwa jirani yetu Miriamu. Alikasirika.

"Kijiko? Mimi nimpe mgeni kijiko? Watu watasema ng'ombe wangu wamekufa!"

Akaburuta dumu zima. "Bebeni lote, ama muache!"

Uwizeye alikaribia kulia. Vichupa vyake vilikuwa vidogo kama kidole. Nikamsukuma kando.

"Dada Miriamu, sisi tumekuja kukutembelea tu. Tuketi fasi gani?"

Uso wake ukachanua. Akanijazia kikombe mpaka ukingoni. Uwizeye akachota kijiko chake, nami nikamaliza kilichobaki, maana kwetu kikombe cha maziwa hakirudishwi na kitu ndani.

Ikawa hivyo nyumba kwa nyumba. Tulipotoka nyumba ya mwisho, kwa mzee Mutware, nilikuwa natembea kama bata, sote wawili tunacheka mpaka machozi. Vichupa vyote vilijaa, vikapangwa kwenye barafu, boda ya kumpeleka maabara ikanguruma.

"Lakini Mama," Uwizeye akapaza sauti akiwa amekwisha kupanda, "mimi natafiti kama maziwa haya yanaumiza tumbo!"

"Ndiyo unaniambia sasa? Nenda! Jibu nitakupa kwa simu jioni."