Sukari ya Esnath

Kitendawili! Jina langu tamu, aliye nami analia. Mmeshindwa? Basi nipeni mji. Mmenipa Makambako? Haya, nimeupokea, nimefika, nimeota moto maana baridi ya kule haina adabu. Jibu ni sukari. Siyo ile ya kwenye chai, wajukuu zangu. Ni ile aliyokuwa nayo Esnath wa Kitandililo.

Asubuhi hiyo Esnath alikuwa kwenye foleni ya lango la banda la kufungashia parachichi, mikono kaificha kwapani, umande umelowesha pindo la kitenge. Mlinzi Frederick alikuwa anapekua mifuko.

"Kamwene, mama."

"Kamwene."

Kwenye mfuko wake Frederick alitoa kichupa cha insulini kilichoviringishwa kitambaa kibichi, na bomba la sindano. Akavirudisha. Kisha akatoa chupa ya soda na maandazi.

"Dawa inapita. Chakula hakipiti. Wazungu wakikuta chembe ya andazi kwenye boksi, mzigo wote unarudi."

"Baba, hivi si vya njaa. Ni vya kuniokoa, sukari ikinishuka."

Frederick akawageukia waliokuwa nyuma. "Jamani, njooni msikie! Mtu ana sukari, na bado anatembea na soda! Si sawa na mlevi kwenda kutubu na kibuyu cha ulanzi?"

Foleni ikacheka. Frederick akasogea karibu, akashusha sauti. "Mimi nakuhurumia, mama. Mjomba wangu walimkata mguu kwa soda hizihizi." Akaiweka chupa ya soda chini ya kiti chake pamoja na maandazi, akaita anayefuata.

Esnath akaingia na mfuko wenye dawa tu. Akajipa moyo kwamba leo ni siku ya kukaa. Jioni iliyopita msimamizi alikuwa ametangaza: Esnath, meza ya kuchambua. Kule kliniki ya Njombe nesi alimfundisha akaelewa. Siku ya kukaa ina kipimo chake. Siku ya kutoa jasho unapunguza dawa, na katikati ya kazi unatafuna kitu. Naye alfajiri alikuwa amejichoma kipimo cha kukaa, akanywa uji wake, akatoka.

Msimamizi, Methusela, alimkuta anavaa kofia ya nywele.

"Esnath, leo kreti. Lori la Wanging'ombe limewahi."

"Bosi, jana ulisema nakaa mezani. Nimeshachoma sindano ya kukaa."

"Sindano ya kukaa!" Methusela akapiga makofi. "Na ya kusimama ipo? Basi kachome hiyo, uje tufanye kazi."

"Nasema kweli, bosi. Ikishaingia haitoki."

"Anayechagua kazi, njia ni ileile aliyoingilia."

Esnath akatazama langoni. Wanawake walikuwa wamechuchumaa ukutani, vitenge vimewafunika mpaka puani, wanangoja mtu atoke ili mmoja wao aingie. Akainama, akanyanyua kreti.

Akabeba. Kutoka kwenye lori mpaka mezani, kurudi, kubeba tena. Mwanzo mgongo ndio uliolalamika. Baadaye vidole vikaanza kutetemeka vyenyewe, na jasho likamtoka baridi kama la mtu mwenye homa. Alijua linalokuja. Akatazama huku na huku: matunda yamejaa banda zima, na parachichi haina utamu wa kumwinua mtu.

"Shoga, mbona jasho na baridi hii?" aliuliza Somoe, mwenzake wa kreti, mtoto wa Pwani aliyemfuata mumewe dereva huku juu.

"Nataka kitu kitamu." Akamwendea Methusela. "Bosi, naomba nifike langoni mara moja."

"Saa ya chai bado."

"Ni dakika tu, bosi."

"Nikikupa wewe, na hawa? Rudi kazini."

Akarudi. Kreti iliyofuata haikufika mezani. Ilimponyoka, parachichi zikatawanyika sakafuni, naye akakaa katikati yake akimwita mama yake, ambaye alikwishafariki.

"Amelewa?" Methusela alikuja mbio.

"Ana sukari, bosi!" Somoe akapiga magoti, akamshika uso. "Esnath! Shoga, niangalie! Imepanda au imeshuka?"

Esnath aliisikia sauti inatoka mbali, kama ng'ambo ya bonde. Neno alikuwa nalo. Lilikuwa limekaa nyuma ya meno, na ulimi ulikuwa mzito kama si wake.

"Imepanda au imeshuka? Sema!"

"Unauliza nini?" Methusela alikuwa tayari anafungua mfuko wa Esnath. "Sukari kazi yake kupanda. Mama yangu mzazi alikuwa nayo. Dawa si hii hapa?"

"Ngoja aseme kwanza, bosi."

"Afie humu ndani?"

Alivuta dawa ikajaa bomba, kwa mkono wa mtu aliyezoea kuchanja ng'ombe. Somoe akamdaka kifundo cha mkono.

"Na wewe kazi umeichoka?" Methusela aliuliza, bila kupaza sauti.

Vidole vya Somoe vikalegea kimoja kimoja.

Sindano ikaingia. Esnath aliihisi begani, ndogo, kama kuumwa na siafu. Methusela akasimama, akafuta paji la uso. "Mlazeni kwenye maboksi, atapata nafuu. Wengine okoteni, lori halingoji."

Wanawake wakainama. Wakaokota parachichi moja moja, wakizifuta kwa aproni kabla ya kuzirudisha kwenye kreti. Somoe alibaki amempakata mwenzake. Alihisi midomo ikigusa kiganja chake, akainamisha sikio.

"Imeshuka," alisema Esnath.