Namba ya Siri ya Saluni Nzima

Namba yangu ya siri ilijulikana na saluni nzima, na sikuwahi kuona aibu kwa hilo. Mtu anayeshinda na mikono vichwani mwa watu hana mikono ya ziada ya kubonyezea mashine. Mleta dawa za nywele alikuwa akifika na maboksi yake, mimi nimevaa glavu, mteja nimempaka nusu ya kichwa, na dawa haisubiri. Ukiiacha ikae, mteja anaondoka na kipara na wewe unabaki na kesi. Basi nilikuwa napaza sauti: "Chukueni kadi hapo, bonyezeni mbili, tisa, tisa, nne!" Aliye karibu alibonyeza. Walisikia wasusi wangu, walisikia wateja, walisikia hata walio chini ya drai, ambao ukiwatajia bei huwa hawasikii kitu.

Kadi yenyewe ni ya mkopo, ile ambayo benki inakulipia leo na wewe unairudishia mwisho wa mwezi. Ilikuwa na makazi yake: kwenye rafu mbele ya kioo kikubwa, nimeichomeka katikati ya meno ya brashi, imesimama wima, uso wake umewatazama watu. Imani yangu ilikuwa kwamba kitu kinachoonekana na wote hakiibiwi na yeyote. Na kwa miaka yote hiyo hakikuibiwa.

Asubuhi moja, ndiyo kwanza nafungua mlango, simu ikaanza kulia mfululizo. Zilikuwa meseji za benki. Viatu vya kiume vya michezo. Simu ya bei mbaya. Viatu tena, jozi nyingine. Chumba cha hoteli katika mji ambao sijawahi kuukanyaga. Nilisoma nimesimama, nikarudia nimekaa. Nikageuka kuitazama kadi: ipo kwenye brashi yake, imetulia kama mgeni aliyeshiba.

Sikulia wala sikupiga kelele. Kelele niliziweka akiba. Nilipiga simu benki palepale, kadi ikafungwa, nikaambiwa nifike kesho yake tawini kupinga miamala ile. Hapo nilikuwa nimefanya kila kitu sawasawa. Kisha nikaharibu: nikamwambia wifi.

Wifi yangu ni dada wa marehemu mume wangu. Mume alikufa, wifi akabaki, na anakuja saluni kila wiki kutengenezwa nywele bila kulipa, kwa haki ya undugu. Jana yake tu tulikuwa tumemtengenezea binti yake nywele za harusi, akatoka hapa mtu unamtazama mara mbili. Kwa hiyo nilidhani wifi atanipa pole. Alisoma meseji zote, akarudia ile ya viatu, akarudia ile ya hoteli, kisha akamtazama mkwe wangu, mke wa mwanangu, aliyekuwa anafagia.

"Viatu vya kiume," alisema. "Na chumba cha kulala. Mume yuko safarini. Wifi, unataka nikuchoree ramani?"

"Unasema nini wewe?"

"Nasema kikulacho ki nguoni mwako."

"Basi nguo yangu kuukuu kuliko zote ni wewe."

Wateja walicheka, ila wifi hakucheka. "Nami najua mtu wangu na najua mtu baki," alisema. "Huyo ni mtu baki. Umemfungulia nyumba, umemfungulia saluni, na namba ya siri unamtangazia kama muuza samaki."

Mkwe wangu alisimama na fagio mkononi, hajui aendelee au aache. Ameolewa na mwanangu wa pekee, dereva wa malori ya masafa marefu, na kwa kuwa mwanangu anakaa barabarani kuliko nyumbani, binti huyu anaishi nami na kufanya kazi nami. Siku moja katika takataka za nywele aliokota hereni ya mteja, akatoka nje mbio na fagio lake akimkimbilia mwenyewe hadi kituo cha basi, watu wakidhani kuna mwizi anafukuzwa. Mtu wa namna hiyo haniibii. Nilijua hivyo kama ninavyojua nywele za bandia kwa kuzigusa, na nilisema hivyo mbele ya wote.

Lakini maneno yana miguu. Jioni mwanangu alinipigia.

"Mama, shangazi ameniambia. Ni kweli?"

"Si kweli."

"Hoteli, mama! Niambie kama kuna mwanamume, nikifika nimrudishe mke wangu kwao, yaishe."

"Wewe endesha lori," nilimwambia. "Ndoa haiendeshwi kwa simu. Ukifika tutaongea, na mpaka hapo nitakuwa na majibu."

Nilikata simu. Mkwe wangu alikuwa mlangoni na alikuwa amesikia.

"Mama, niache tu niende kwetu mwenyewe kabla sijapelekwa," alisema. "Nikikaa pale saluni wateja wanavuta mikoba yao."

"Waivute. Mingi ni mitupu, naijua. Ukiondoka leo umekiri, na mimi sina mkwe mwizi. Nenda kalale."

Nilimwambia kwa ukali kwa sababu nilikuwa na hofu. Pesa zingeniuma, ndiyo, ila pesa huuma zikaacha. Huyu akiondoka kwa aibu asiyoistahili, mwanangu angepoteza mke na mimi ningepoteza mtu ninayempenda, na wifi angekuja kila wiki kutengenezwa nywele na kunikumbusha kwamba aliniambia.

Kesho yake nikaenda benki. Njia nzima wateja na majirani waliojifanya washauri walinipigia simu. Wote walikuwa na shauri moja: nikiulizwa nani anaijua namba, niseme hakuna, la sivyo benki itanibebesha deni lote. Nilikaa mbele ya kijana mwenye tai, mpole, mwenye kalamu iliyofungwa kwa uzi kana kwamba wateja wa benki ni wezi wa kalamu.

"Mama, kuna mtu mwingine anayeijua namba yako ya siri?"

"Wapo."

"Nani?"

"Mwanangu, anza kuhesabu kutoka mlangoni kwangu mpaka kituo cha basi."

Aliiweka kalamu chini. Nilimweleza habari ya glavu, dawa na vipara. Sikutaka kudanganya. Ningesema hakuna anayeijua, kisha ukweli ukajulikana, nani angeniamini tena nikisema mkwe wangu hana hatia? Kijana alinisikiliza, akatikisa kichwa, akageukia kompyuta yake. Alisoma kidogo, kisha akatabasamu.

"Mama, hilo ni kosa, na usilirudie. Lakini leo una bahati. Namba ya siri haikutumika hata mara moja. Vitu hivi vimenunuliwa mtandaoni. Kwa maduka kama haya inatosha mtu awe na namba ndefu ya mbele, tarehe ya kuisha, na zile tarakimu tatu za nyuma ya kadi. Aliyefanya hivi aliiona kadi yako pande zote mbili."

"Bila kuishika?"

"Hata akiwa na picha. Jaza malalamiko, sisi tutachunguza. Deni tutalisimamisha kwanza. Ukikumbuka ni wapi kadi ilionekana mbele na nyuma, tuletee."

Nilirudi na nusu ya furaha. Wifi alipewa habari hizo akasema, "Si nilikwambia? Nani anafagia hapo kila siku? Nani angeshindwa kuigeuza?" Tangu siku ile mkwe wangu alikuwa hasogei kwenye rafu. Mteja akinyoosha noti kumlipa, yeye anaweka mikono nyuma na kusema, "Mpe mama." Ile mikono ya nyuma iliniumiza kuliko meseji zote za benki.

Ijumaa wifi akaja kwa zamu yake. Mwanangu alitarajiwa jioni ileile, na wifi alitaka kumpokea akiwa nadhifu, awe shahidi mwenye sura nzuri. Nikamuosha, nikamfunga rola, nikamkausha, nikamchana. Mimi nikiwa na hasira natengeneza nywele vizuri zaidi. Sijui kwa nini Mungu aliniumba hivyo. Nilipomaliza nikafanya ninachomfanyia kila mteja: nikachukua kioo kidogo cha mkono, nikasimama pembeni nyuma yake, nikakishika nyuma ya kisogo ili ajione nyuma kwenye kioo kikubwa.

"Nyuma pako hapo," nilimwambia. "Umeridhika?"

Yeye akawa anatazama kisogo chake. Mimi macho yangu yakaangukia rafuni. Kadi ile iliyofungwa ilikuwa bado kwenye brashi, kwa mazoea tu. Uso wake ulikuwa unanitazama, namba zote wazi. Na kando yake, ndani ya kioo kikubwa, niliuona mgongo wa kadi.

Nilisimama hivyohivyo na kioo changu mkononi. Maisha yangu yote nimewaonyesha watu wasichokiona nyuma yao, na mgongo wa kadi yangu sikuwahi kuutazama.

"Wifi," nilisema taratibu, "ile picha ya bibi harusi. Uliyompiga akiwa kwenye kiti hiki. Nionyeshe."

Uso wake ukachanua. "Ile? Mpaka leo watu wanaisambaza! Niliirusha mtandaoni jioni ileile ya harusi. Nilisimama papo hapo ulipo, nikamchukua nywele na sura kwa pamoja."

Akatoa simu. Bibi harusi alikuwa mzuri kweli, nywele zimepanda kama keki. Chini ya picha wifi alikuwa ameandika: sambazeni ndugu zangu, waone kazi ya familia.

"Hebu ikuze hapo kwenye rafu," nilisema. "Mimi macho yangu ya karibu yamechoka. Nisomee hapo kwenye brashi."

Akaikuza kwa vidole viwili. Akaanza kusoma kwa sauti, vizuri kabisa, namba ndefu yote, kikundi kwa kikundi, mpaka tarehe. Mkwe wangu aliacha kufagia.

"Na ndani ya kioo, pembeni yake?"

"Hapa zimegeuka... saba. Sifuri. Tatu."

Nikachomoa kadi kwenye brashi, nikaigeuza, nikaiweka mapajani pake. Saba, sifuri, tatu. Wateja wakasogea kutazama. Hata yule aliyekuwa chini ya drai alikuwa ametoa kichwa.

"Picha uliirusha jioni," nilisema. "Meseji zangu ziliingia asubuhi yake. Wifi, umeitangaza kadi yangu kwa dunia nzima, halafu ukamkamata aliyeshika fagio."

Aliigeuza kadi mapajani, akaigeuza tena, kama anayetafuta tarakimu nyingine. Nilimhurumia kidogo, kweli, maana hakukusudia. Lakini huruma ina foleni yake, na yeye hakuwa wa kwanza.

"Kwanza ifute hiyo picha, ukishanitumia moja niipeleke benki," nilisema. "Pili, uliyempigia kumwambia ya hoteli, mpigie umwambie na hii. Hapahapa. Weka sauti kubwa."

Akapiga. Mngurumo wa lori ukajaa saluni, na sauti ya mwanangu ikauliza kuna nini. Wifi akaeleza, akikwama, akirudi nyuma, akimtupia shetani kipande, akiona shetani hakipokei, akasema mwishowe, "Nilikosea, mwanangu. Mkeo hana kosa."

"Yupo hapo?" mwanangu aliuliza. "Anasikia?"

"Nasikia," mkwe wangu alisema.

"Nisamehe."

"Njoo uombe ukiwa hapa," alimjibu. "Msamaha hauombwi kwa simu." Kisha akaketi kwenye kiti cha wateja, akalia kwa sauti, na mimi nikamshika kichwa kwa mikono yangu yote miwili kwa sababu ndiyo kazi ninayoijua.

Benki waliipokea picha, wakachunguza, wakalifuta deni. Kadi mpya ikafika na namba mpya ya siri. Yule kijana wa tai aliniapisha kama hakimu: usiiweke wazi, usimwambie mtu. Nikaapa. Kadi sasa inalala kifuani mwangu, na brashi imerudi kwenye kuchana.

Siku mleta dawa alipokuja tena, nilikuwa na glavu, na kichwa chenye dawa nusu kilikuwa cha nani kama si cha wifi yangu. Mashine ikawekwa mezani. Saluni nzima ikatega masikio, maana mazoea yana taabu. Nilimtazama mkwe wangu. Alikuwa amesimama mbali, mikono nyuma.

"Njoo hapa," nilisema.

Akaja. Nikamwambia aichomoe kadi kifuani mwangu, akaichomoa. Nikainama, glavu nimezinyanyua juu, nikamnong'oneza tarakimu nne sikioni, moja moja.

"He!" wifi alisema kutoka kwenye kiti, dawa imeanza kumwasha. "Si benki walikukataza kumwambia mtu?"

"Walinikataza kumwambia mtu baki," nilimjibu.

Mkwe wangu akaivuta mashine karibu, akaifunika kwa kiganja, akabonyeza.