Kitanda cha Wageni Kule Livingstone

Mgeni njoo, mwenyeji alale nje. Najua methali haiendi hivyo. Wenye methali wanasema mwenyeji apone, na labda kwao anapona. Kwetu mgeni alikuja, mwenyeji akabaki nje ya lango na mizigo yake, na mwenyeji huyo alikuwa mama yangu.

Nianze na nyumba ya Kapata, mtaa wetu wa Kolwezi. Baba yetu, Stanislas, alifanya kazi ya mgodini mpaka akazeeka, na kampuni ikamwachia nyumba ya matofali katika zile safu za wafanyakazi. Alipokufa, kaka yangu Symphorien, ambaye hununua madini kwa wachimbaji, alileta vijana wakavunja sakafu ya sebule. Mtaani kwetu wengi walikuwa wanachimba ndani ya nyumba zao. Kobalti iko chini ya vitanda, na mwenye nyumba hugawana na wachimbaji. Mama Charlotte alihamishia sufuria zake uani. Vijana waliingia kwa mlango wake na tochi vichwani, wakashuka shimoni pale ilipokuwa meza ya baba.

Hakukubali kwa tamaa. Alikubali kwa ajili ya gare, kituo cha treni. Sisi ni watu wa Kasai. Babu zetu waliletwa huku kuchimba shaba, na mwaka wa tisini na tatu wazazi wangu waliambiwa na wenyeji wa huku warudi kwao, kana kwamba mtu aliyezaliwa Kolwezi ana kwao pengine. Waliingoja treni kwenye gare majuma kwa majuma, pamoja na umati wa watu, na Symphorien alizaliwa hapo hapo, juu ya turubai, katikati ya masanduku. Miaka baadaye walirudi Kolwezi, lakini sanduku moja mama hajalifungua mpaka leo. Linakaa tayari.

Symphorien alijua pa kumgusa.

"Mama, kuko fleti Livingstone, kule Zambia, karibu na maporomoko," alimwambia. "Batalii banapenda kupumuzika kule. Wakati hatuko, banapanga. Pasaka, ni yetu. Na siku batatufukuza tena, uko na kwako. Hautalala tena ku gare."

"Na kitanda yangu itakuwa kule?"

"Kitanda yako, mama. Naapa."

Basi shimo likalipa fleti. Mama akafuma vitambaa vyeupe vya kutandika kwenye viti vya nyumba ambayo hajaiona, akampa Symphorien avipeleke. Kila mgeni aliyepita Kapata alisikia habari za Livingstone, na mama aliitamka Livingstone kama watu wengine wanavyotamka mbinguni.

Masika ile ukuta wa sebule ulishuka shimoni, na nusu ya paa ikaufuata. Wachimbaji walikuwa wametoka, mama alikuwa kwenye kwaya. Nilimchukua, yeye na sanduku lake, tukabanana katika chumba changu kimoja cha kupanga, Dilala, ambako nafundisha shule ya msingi. Symphorien alikuja kutusalimu.

"Vumilia mupaka Pasaka, mama. Utaenda kwako, utaona. Ukipenda, ubakie."

Pasaka ikafika, tukaenda. Basi hadi Lubumbashi, basi hadi mpakani Kasumbalesa, basi tena na tena, mama ameshika sanduku mapajani, miguu imemvimba mpaka akavua viatu. Tulifika Livingstone mchana. Fleti zilikuwa nyeupe, zina bwawa la kuogelea katikati na maua yaliyokatwa sawa kama nywele za askari. Mlinzi wa langoni alikuwa mtu wa Kitwe, na Kibemba chake mama anakielewa. Aliangalia simu yake, akatuangalia sisi.

"Bamayo," alimwita mama kwa upole, "nyumba hiyo ina wageni mpaka Jumanne. Mmeandikisha?"

Nikampigia Symphorien, yaya wangu, kama tunavyomwita kaka mkubwa.

"Ah, Bilonda. Pasaka bei inapanda sana, unajua. Nilisahau kubaambia. Mutafute ka hoteli, nitatuma kitu."

"Mama ameketi chini, yaya."

"Basi asimame. Hapana kunifanyia musiba ku telefone."

Kutoka langoni tuliweza kuona baraza la fleti yetu. Kulikuwa na kiti, na juu ya kiti kitambaa alichofuma mama, na juu ya kitambaa kaptula ya mwanamume ya kuogelea, inachuruzika maji. Mama aliitazama. Halafu akajifunga kanga vizuri, akanyoosha mkono nimwinue.

"Twende ku gare ya mabasi," alisema. "Kulala ku gare, minajua."

Alisema hivyo bila uchungu wowote, kama mtu anayekumbuka njia ya kwenda sokoni. Hapo ndipo nilipobeba sanduku nikapita na mama mbele ya mlinzi. Akageuka kutazama maua yake.

Ndani walikuwa mume na mke, wazee, wamechomwa na jua. Nina Kiingereza cha diploma, na kilinitosha. Niliwaambia: huyu ndiye mwenye nyumba, nyumba yake nyingine imeanguka shimoni ili hii inunuliwe, na sasa amechoka. Mwanamke alitaka kusema neno, akamwona mama, akaanza kukusanya taulo. Mwanamume alisema mengi. Nilimlaza mama kitandani, nikamfunika, nikakaa mlangoni. Walipofungasha mizigo yao niliwasaidia kuibeba.

Mama alilala pale mpaka Jumanne. Kisha wageni wa zamu iliyofuata walifika na mtu wa ofisi ya fleti, tukarudi Kolwezi.

Symphorien alinishitaki kwa Baba Nkongolo, mdogo wake marehemu baba. Tuliitwa nyumbani kwake. Kuku mweupe alikuwa tayari amefungwa miguu, maana kwetu mdogo akimkosea mkubwa hupiga magoti na kumpa kuku.

"Bale bageni baliniachia nyota moja," Symphorien alisema, akionyesha simu. "Moja. Sasa nani atapanga?"

"Ulimi yako, mutoto, ingechimba shimo bila nyundo," Baba Nkongolo aliniambia. "Tata yenu alikufa. Yaya yako njo tata. Piga magoti, tule, biishe."

"Baba, nikuulize. Mama analala wapi?"

"Kwako. Wote tunajua."

"Kwangu ni kitanda kimoja. Analala juu yake, mimi chini. Yaya ana nyumba mbili, kwake hapo hapo Dilala na ile ya Livingstone. Sanduku la mama liko miguuni pangu."

"Hatukukutana juu ya vitanda," Symphorien alisema. "Tumekutana juu ya heshima."

Wote wakamtazama mama, wakingoja aniambie nitii. Mama alikuwa anamtazama Symphorien, mtoto wake wa gare, kama mtu aliyeona treni inapita bila kusimama. Akaanza kutafuta viatu vyake.

Nilimfungua kuku miguu. Akatoka nje akitembea kwa madaha. Yaya alinipigia tena jana, akaniambia mlango bado haujafungwa, niseme neno moja tu.

Silisemi. Sikukosa. Siombi msamaha.